Mwewe na Sanduku la Viatu

"Punguza sauti, dada. Ukuta huu ni wa mbao, watasikia."

"Wasikie! Maisha yako yote umetaka watu wakusikie, leo ndiyo unaona haya?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, bandeji kwenye paji la uso, kitana mkononi. Upande wa pili wa ukuta, mkaguzi wa usalama wa anga alikuwa anamhoji binti yangu. Swali lilikuwa moja tu: je, yeye ndiye aliyefunga vibaya pampu ya mafuta ya ile ndege iliyozimika angani Jumanne? Wakiamua kwamba ndiye, leseni yake ya ufundi inafutwa siku hiyo hiyo. Ameisotea miaka mitano, mikono imejaa makovu ya spana.

Na rubani wa ndege ile alikuwa huyu hapa, mjomba wake, anachana masharubu.

Karakana nzima inamwita Mwewe. Ni rubani wa majaribio: ndege ikitoka matengenezo, yeye ndiye wa kwanza kuirusha, aone kama tumeitengeneza au tumeiharibu zaidi. Siku za majaribio huvaa soksi nyekundu. Akitua, hafungui mlango mpaka achane masharubu, hata kama moshi unatoka. Aliwahi kutua barabarani, akasukuma ndege mpaka kituo cha mafuta, akapanga foleni nyuma ya lori la nyanya. Ameoa mara tatu, na wake wote watatu huja kumtazama akiruka, kila mmoja amesimama peke yake. Watu wanasema Mwewe hana haja ya injini.

Safari hii alitua kwenye uwanja wa mpira wa shule, wanafunzi wakiwa madarasani, bawa likagonga mlingoti wa goli. Pampu ikapasuka vipande, haiwezi tena kumtetea mtu. Magazeti yalimpiga picha amekaa juu ya mkia wa ndege, anachana. Kila mtu anasema alifunga goli. Hakuna aliyeuliza nani amefungwa.

"Nimewaambia tu kwamba injini ilizimika," alisema. "Sikumtaja mpwa wangu popote."

"Injini ilizimika? Yenyewe? Ilikuwa imechoka, ikaamua kulala?"

"Dada..."

"Soma hii."

Nilimsukumia karatasi yenye ukubwa wa kiganja. Hakuisoma. Aliitambua.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mtu mkali aliyemfundisha jambo moja likamwingia damuni: rubani wa majaribio anaandika kila anachofanya, na dakika yake, hapo hapo, kabla hajasahau. Mwewe hufunga kibao kidogo chenye karatasi gotini, penseli imening'inia kwa kamba. Mdomo wake unaweza kupamba kitu chochote. Mkono wake haujui kupamba. Mkaguzi aliambiwa kibao kimepotea. Asubuhi hiyo nilikikuta, karatasi ikiwa bado juu yake, ndani ya mfuko wa vitu vilivyookotwa uwanjani, chini ya koti lake.

Nikamsomea mwenyewe.

"Saa nne na dakika kumi, injini nzuri, pampu nzuri. Dakika ya kumi na mbili, nazima. Kumi na tatu, nawasha, bado. Kumi na nne, bado. Kumi na tano, bado. Uwanja wa mpira kulia."

Nikaiweka mezani.

"Pampu nzuri. Umeandika mwenyewe. Ukaizima kwa mkono wako ili walio chini wainue vichwa, kama kawaida yako. Safari hii ikakugomea."

"Siku zote inawaka."

"Nakuuliza kuhusu Jumanne."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, ghafla akawa na umri wake wote. "Wiki ijayo wananipa nishani, dada. Baada ya hapo nastaafu. Acha ipite. Yeye bado mdogo, atasoma kitu kingine."

Binti yangu alianza kuja karakana hii ana miaka saba, kwa sababu ya mtu huyu. Alikuwa anamshikia kofia. Alijifunza kufunga pampu ili mjomba asianguke.

"Kitu gani kingine?" nilisema. "Ushonaji? Akushonee soksi?"

"Mimi ni damu yako!"

"Na yeye nilimwokota?"

Akaweka kitana mfukoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekuja amejipanga:

"Haya, ipeleke. Lakini mkaguzi atauliza zingine ziko wapi. Utamjibu nini?"

Hapo alinigusa penyewe.

Utaratibu wetu ni kwamba kila karatasi ya gotini inabandikwa kwenye kitabu cha ndege husika, na anayebandika ni mimi, mtunza kumbukumbu. Mara ya kwanza alipoandika "nazima", alikuja na maandazi akaniomba: "Dada, niandikie safi." Nikamwandikia safi, nikabandika ile safi. Ndege ilikuwa imewaka tena, hakuna aliyeumia, na huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini. Ikawa desturi. Lakini mtu mwenye diploma ya kutunza kumbukumbu hatupi karatasi. Zile za kweli niliziweka kwenye sanduku la viatu, kwenye kabati la chini, kwa mpangilio wa tarehe. Kumi na tisa.

Sifa za Mwewe zina waandishi wawili. Mmoja ana masharubu.

"Utafukuzwa kazi," alisema. "Pengine na mahakamani utafika. Kwa ajili ya nini? Karatasi?"

Kupitia ukutani nilimsikia binti yangu, sauti yake imekauka: "Niliikaza, mzee. Nikaikagua mara mbili. Labda... labda sikuona vizuri."

Labda. Alikuwa ameanza kuamini.

Niliinama nikafungua kabati la chini, nikatoa sanduku. Mwewe aliruka kutoka kwenye kiti akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Dada, tafadhali. Sifa zangu ndizo nilizonazo tu."

"Toa mkono."

"Dada."

"Toa mkono kabla sijakuvunjia vidole, na unajua naweza."

Akautoa.

Niliweka karatasi ya Jumanne juu ya zile nyingine. Ya ishirini. Nikagonga muhuri wa karakana kwenye kila moja, ishirini, nikitia tarehe ya leo, yeye akitazama. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya kifuniko jina langu na cheo changu. Halafu nikazunguka meza, nikampita, nikafungua mlango wa chumba cha pili bila kubisha.

Mkaguzi aliinua kichwa. Binti yangu alikuwa na macho mekundu.

"Wewe nyamaza," nilimwambia binti yangu. "Pampu uliifunga vizuri."

Nikaweka sanduku mbele ya mkaguzi, nikaondoa kifuniko.

"Anza na ya juu," nikamwambia. "Ukimaliza zote, niulize mimi."