Jino la Sabuni

Mayasa alikata kipande cha sabuni ya mche, ile ya kijani, akakilaza juu ya gazeti na kuanza kukichonga kwa kisu kidogo cha kumenyea vitunguu. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno ulikuwa na sehemu tatu: kusoma na kuelewa, hesabu, na mikono. Hiyo ya mikono ndiyo iliyowaangusha wengi. Mtahiniwa hupewa sabuni na kisu, akaambiwa achonge jino na kuliacha kwenye sinia, wasahihishaji waje walipime. Mkono unaotetemeka huonekana hapo hapo, na hakuna mjomba wa kukuombea.

Walikaa mtaa wa Observatory, upande wa mlimani, katika chumba cha uani ambacho zamani kilijengewa mtumishi. Alikaa na baba yake, Pandu, mtu wa Tanga aliyehamia kusini kutafuta maisha, muuza viatu vya mtumba mtaa wa jirani, Yeoville. Mama yake alikwishafariki. Chuo kilipokea wachache mno wasio na kitambulisho cha nchi hii, na mtu kama Mayasa aliruhusiwa kuufanya mtihani ule mara moja tu maishani. Akianguka, basi, atamsaidia baba yake kupanga viatu juu ya turubali. Pandu hakutaka hata kulisikia hilo.

Pandu mwenyewe hakuwa na meno ya mbele. Aliyaacha kitongoji cha Alexandra, Mei ya mwaka 2008, wageni walipokuwa wakipigwa na kufukuzwa, siku vijana wa mtaa wake, waliokuwa wakimwita malume, yaani mjomba, walipomjia na matofali. Mayasa alikuwa mchanga mgongoni kwa mama yake. Tangu siku hiyo Pandu alizungumza kiganja kikiwa mdomoni, na wateja wapya walimdhania mlevi, yeye ambaye hata ladha ya bia haijui. Kwao hakurudi. Alisema mtu haondoki Tanga na meno yake akarudi kibogoyo, watu watamcheka mpaka kaburini.

Jino la kwanza la sabuni kumtoka Mayasa sawasawa lilikuwa la mbele, la juu. Alimwonyesha baba yake. Pandu aliligeuzageuza, akacheka nyuma ya kiganja, kisha akafanya walivyofanya watoto wa kwao jino la utoto likiwang'oka: akatoka uani, akalirusha juu ya bati, akasema, "Kunguru, chukua jino lako, niletee langu." Alikuwa akitania. Kunguru hawako wengi Observatory. Kazi yao huifanya hadeda, ndege wale wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaowaamsha watu kwa makelele. Hadeda mmoja akatua juu ya bati, akalidonoa jino, akaruka nalo.

Asubuhi Pandu aliamka nalo mdomoni. Lilikuwa limekaa kwenye ufizi, mahali pake, limekaza. Siku za mwanzo chai ilitoka povu kidogo, halafu likakauka likawa jino kama meno mengine. Mayasa alilikagua kwa tochi ya simu, akaona upande wa kushoto amelichonga nene, na la pili akalichonga kwa uangalifu zaidi. Lilikuwa zoezi zuri kwa mtihani. Meno yote ya mbele yalipotimia, Pandu alinunua hindi la kuchoma penye robot, pale kwenye taa za barabarani, akalitafuna mpaka likabaki gunzi tupu.

Jirani yao pale uani alikuwa Célestine, msusi kutoka Bukavu. Alikuja jioni moja, akakaa juu ya ndoo na kumtazama Mayasa akichonga.

"Unitengenezeye na miye," alisema. "Yangu ilitoka siku moja na ya papa yako. Walinipiga na chupa."

Mayasa akamchongea, na hadeda akafanya kazi yake. Kaka yake Célestine naye akaleta magego yake yaliyooza kwa soda. Akachongewa, akarusha, maneno yakasemwa, na hadeda wakapita juu ya bati bila hata kugeuza shingo. Hapo ndipo utaratibu ulipojulikana. Ndege walirudisha meno yaliyovunjwa na mkono wa mtu, yaliyooza hawakuyagusa. Mayasa aliuona ni utaratibu wa haki, ingawa kaka mtu alinuna.

Habari zikatembea. Walikuja Wakongo, Warundi, watu wa Msumbiji, na hata wenyeji wa nchi hii hii, Wavenda na Watsonga, waliopigwa wakati ule wakidhaniwa wageni, kwa kukosea jina la Kizulu la kiwiko walipopimwa nalo. Wengi hawakuyajua maneno ya kunguru, kwa hiyo Mayasa aliyasema kwa niaba yao kila alipoweka kisu chini. Mdomo ukazoea. Foleni ilianza uani, ikatoka getini, ikapanda kilima, na wenye nyumba wa Observatory wakaona kwa mara ya kwanza wingi wa vinywa vilivyovunjwa katika mji wao. Wakaita polisi.

Polisi wawili walikuja, wakauliza nani amempa msichana huyu leseni ya kutibu meno. Nani aliyavunja, hawakumuuliza mtu. Pandu aliwatajia mwenyewe majina ya vijana waliompiga, mmoja mmoja, kwa matamshi safi ambayo hakuwa nayo tangu 2008. Polisi mkubwa akajibu kuwa kesi hiyo ni ya zamani, na akataka foleni isogee isizibe njia ya magari. Foleni ikasogea.

Siku ya mtihani ilikuwa ya joto, milango ya ukumbi ikaachwa wazi. Profesa aliyesimamia aliwakaribisha watahiniwa kwa hadithi yake, ambayo inasemekana huwasimulia kila mwaka: jinsi polisi wa serikali ile ya zamani ya ubaguzi walivyomtoa jino la mbele kwa rungu, akiwa mwanafunzi, katika maandamano ya kudai ukumbi huu ufunguliwe kwa kila mtoto. Akainua mdomo wa juu akawaonyesha jino la bandia. Watu wakapiga makofi, na Mayasa akapiga kuliko wote, maana aliyaamini maneno yote. Na yalikuwa kweli.

Kusoma na hesabu havikumsumbua. Kwenye sehemu ya mikono waliambiwa wachonge jino la mbele, la juu, la kushoto. Mayasa alilichonga likatoka zuri mno, lina hata ule mwinuko mdogo wa nyuma ambao wengi huusahau. Akaliweka kwenye sinia, akaweka kisu chini, na midomo yake ikasema maneno ya kunguru. Alitanabahi akiwa ameshayamaliza.

Hadeda aliyekuwa akichokora minyoo kwenye nyasi za chuo akaingia mlangoni. Akatembea katikati ya meza bila haraka, akalichukua jino kwenye sinia, akatoka nje alikoingilia. Msimamizi mmoja alivuta kiti kumpisha. Watahiniwa wengine waliendelea kuchonga, kwani muda ulikuwa unakwenda.

Baada ya kitambo kidogo Profesa aligeukia ukutani, akakohoa, akatema jino la bandia kwenye leso. Alipogeuka tena alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Mayasa na kulitazama sinia.

"Kazi yako iko wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Unayo mdomoni, Profesa."

Profesa alilipitishia ulimi, mbele na nyuma, ukakaa kwenye ule mwinuko mdogo. Povu jembamba lilimtoka pembeni mwa mdomo, akalifuta. Akasema ni kazi bora kuliko zote alizopata kuziona katika ukumbi ule, na alisema kwa moyo mweupe. Kisha akaeleza kuwa kwa kanuni husahihishwa kilichomo kwenye sinia, na kwenye sinia hamna kitu.

"Nichonge jingine," Mayasa alisema. "Muda bado upo."

"Kila mtu kipande kimoja cha sabuni. Nikikuongeza wewe, hawa wengine nitawaambia nini?"

Akamwandikia sifuri, ya mviringo mzuri. Waswahili husema asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuanzii kwa hadithi ya jinsi alivyokupigania.

Mayasa alirudi nyumbani, akamwamkia baba yake shikamoo, akamweleza yote. Alilia, akasema, "Eish, baba, ni mdomo wangu mwenyewe." Pandu hakumgombeza. Alimwambia mdomo ulioponza ni wa yule aliyebaki na jino lake, akatoka akaenda kulitazama turubali lake. Alirudi macho mekundu.

Chuo kilipofunguliwa mwezi wa Januari, kliniki yake ilianza kuwaelekeza Observatory wagonjwa wasio na makaratasi, ambao yenyewe ilikuwa haiwapokei. Alhamisi moja Profesa alikuja mwenyewe, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliovaa makoti meupe bado yana mikunjo ya dukani. Walisimama uani wakitazama mikono ya Mayasa. Profesa aliwaambia waangalie kifundo cha mkono, jinsi kisivyokaza. Alitabasamu sana siku hizo, na jino lilimkaa vizuri. Pandu aliwatolea viti, maana mgeni ni mgeni, kisha akakaa mlangoni akisaga meno, na sauti ilisikika mpaka getini. Célestine alipomuuliza kulikoni, alijibu kuwa zamani hakuwa na cha kusagia.

Msichana mmoja katika wale wanafunzi, mwenye adabu, alimsogelea Mayasa akamuuliza yeye yuko mwaka wa ngapi.

"Huyu hasomi," Profesa alimjibia. "Huyu ana kipaji."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Mayasa aliwaomba warudi nyuma kidogo kwa kuwa wanamzibia mwanga, akakata sabuni nyingine, akamwambia mama aliyekuwa mbele ya foleni afungue mdomo.