Mtoto wa Sayari ya Saba

Watu walishasahau kwamba fundi redio aliwahi kutengeneza filamu, na yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kuwakumbusha. Yalikuwa mambo ya ujana. Rafiki yake, mpiga picha za harusi, alikuwa na kamera ya mkanda, na yeye alikuwa na kichwa kilichojaa roketi. Wakaunda chombo cha angani kwa mabati ya paa na pipa la maji, wakakipamba kwa vitufe vya redio mbovu. Nyota zilikuwa vipande vya karatasi ya sigara vilivyobandikwa kwenye shuka jeusi. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alishona mavazi ya wageni wa angani. Filamu ikaonyeshwa mara chache kwenye sinema ya mtaani kwao, watu wakapiga miluzi, basi. Mwenye sinema akabaki na mkanda, na sinema ilipofungwa hakuna aliyeuliza ulikokwenda.

Mtoto wa sayari ya saba aliigizwa na mwana wao wa pekee, ambaye walimwita Sisimizi kwa sababu hakujua kutulia. Kabla mwaka haujapinduka, homa ilimchukua. Hawakujaliwa mwingine. Walibaki na picha yake moja tu, na humo alikuwa amefumba macho. Ndugu na majirani wakaacha kumwita mshonaji Mama Sisimizi, wakidhani wanampunguzia uchungu. Kwake ilikuwa kama wanamzika mtoto mara ya pili.

Aliyeufufua mkanda huo alikuwa daktari wa meno. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wake: alipenda filamu za zamani za angani zilizotengenezwa kwa senti mbili, zile ambazo roketi inaning'inia kwenye uzi unaoonekana na zimwi limevaa viatu vya ngozi. Mwisho wa juma wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alikuwa anapekua stoo za sinema zilizokufa. Mkanda wa fundi aliukuta kwenye jengo lililogeuzwa ghala la magodoro, ndani ya kopo lililoshika kutu. Akauliza huku na huku mpaka akafika kwenye meza ya fundi, ambaye siku hizo riziki yake ilitoka zaidi kwenye simu na spika kuliko redio. Daktari alimwambia kwamba ameutazama mkanda mara moja na hajalala vizuri tangu siku hiyo, kwamba hajaona watu waliothubutu namna ile, na kwamba anataka kuuonyesha kwa mashine, kama zamani, mbele ya watu.

Fundi alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Alipomweleza mkewe, mama yule aliendelea kupitisha uzi kwenye cherehani kwa muda, kisha akauliza, "Mtoto yumo?"

"Yumo. Daktari anasema anatembea."

"Na sauti yake?"

"Na sauti."

Wote wawili waliijua sauti hiyo. Siku ya kupiga picha jua lilikuwa kali, na vazi la Sisimizi lilikuwa limeshonewa vipande vya bati. Bati likapata moto. Mtoto akaanza kulia, akamwita mama yake amvue. Mama akataka kwenda, fundi akamshika mkono, akampa mpiga picha ishara aendelee, maana kilio kile kilikuwa kizuri kuliko chochote walichokuwa wamekiandika. Halafu wakamvua, wakampa soda, akasahau. Ni dakika moja tu. Lakini baada ya msiba dakika ile ilikaa katikati yao kama mgeni asiyeaga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaja.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa chuo. Fundi alivaa suti yake ya pekee, mkewe akafunga kilemba kipya. Ukumbi ulijaa vijana. Daktari alisimama akasema maneno ya kutoka moyoni juu ya watu wanaotengeneza mbingu kwa mabati, kisha taa zikazimwa.

Chombo kilipotokea kinayumba kwenye kamba, vijana wakacheka, na fundi akacheka nao, tena kwa raha. Hata mkewe alitabasamu. Kilikuwa kichekesho kweli. Ndipo mlango wa pipa ukafunguliwa na Sisimizi akatoka, kadogo, kanang'aa, kanatembea kwa mikogo kama karani mkuu. Akajikwaa, akakaa chini kwa matako. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Fundi naye akacheka, kicheko cha baba anayemwona mwanawe.

Kisha mtoto akaanza kulia. "Mama, nivue. Linachoma. Mama, nivue."

Mkewe alikuwa ameinama mbele, midomo inacheza kama mtu anayejibu. Kicheko hakikupungua, kilizidi. Nyuma yao kijana mmoja akaigiza sauti ile, "Mama, nivue," na wenzake wakaanguka kwenye viti. Fundi alitaka kusimama aseme kitu, lakini hakujua aanzie wapi, na picha ikapita, ikaja nyingine.

Mwishoni daktari akawatambulisha. Vijana wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka ukumbi ukatetemeka, na yalikuwa makofi ya mapenzi, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fundi alisimama. Akainama mara moja, akainama tena.

Walipofika mlangoni mkewe akamgeukia.

"Umewainamia," alisema, akaingia ndani.

Siku chache baadaye mama yule alikwenda kusuka nywele. Kichwa kilikuwa kimefika nusu wakati simu ya msusi ilipoita mfukoni, na mlio wake ulikuwa sauti ya mwanawe. "Mama, nivue," halafu kicheko cha ukumbi mzima. Msusi akaikata huku anacheka. Akaeleza kwamba ni kichekesho kinachozunguka kwenye simu za watu wote, mtu alikirekodi kwenye filamu fulani ya kizamani, na kama mama hajakiona basi amepitwa na dunia.

Mama yule hakuweza kuinuka, nywele zake zilikuwa mikononi mwa mwenzake. Akamwomba airudie. Msusi akairudia kwa furaha. Akamwomba amrushie kichekesho chote kwenye simu yake, akarushiwa. Alikaa pale mpaka nywele zikaisha.

Alimkuta mumewe kwenye meza ya kazi akamwekea simu mbele. Hakulia. Alisema anachotaka ni kimoja tu, amtolee kile kicheko, abaki na mtoto peke yake.

Fundi alikwenda kwa daktari, maana kwenye mkanda wenyewe sauti ilikuwa safi. Daktari alimtoa mgonjwa kwenye kiti kabla ya wakati wake, akafunga mlango, na fundi alipouona uso wake akajua. Mkanda ulikuwa mkavu kama jani. Alikuwa ameupitisha tena kwenye mashine ili auhamishe kwenye kompyuta, ukakwama na kukatika, na taa ikauunguza palepale.

"Sehemu gani?" fundi aliuliza.

"Pipa linapofunguliwa," daktari alisema. "Mzee wangu, nilipaswa kuanza na nakala kabla ya maonyesho. Nilitaka watu wauone kwanza."

Akataka kurudisha kopo. Fundi akalikataa, akaondoka.

Kikabaki kile kipande cha kwenye simu. Fundi alifunga kibanda, akavaa visikizio, akasikiliza kilio cha mwanawe kutwa nzima. Kazi ya kutenganisha sauti aliijua vizuri, na ndiyo maana alitambua mapema kwamba haitawezekana: kicheko na kilio vilikuwa vimelala kitanda kimoja, ukimwondoa huyu unaondoka na yule. Akavitambua vicheko kimoja kimoja, cha msichana, cha yule mwigizaji wa nyuma. Kabla ya vyote, pale mtoto anapokaa chini, kulikuwa na kimoja kizito, cha karibu sana na simu. Kilikuwa chake.

Alichoweza kukiokoa alimpelekea mkewe. Mtoto alisikika kama nzi ndani ya kopo. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu si yeye," alisema. "Nirudishie kama kilivyokuwa."

Akamrudishia. Tangu hapo, kila alasiri mama huingia chumbani na kuufunga mlango. Fundi akiwa uani husikia watu wakicheka, kisha kimya, kisha wanacheka tena tangu mwanzo. Anajua kicheko chake kinapofika. Kama mkewe naye anakijua, hajamwambia, na yeye hana ujasiri wa kumwuliza.