Maneno ya Kambi Yamekwisha

Usigeuze uso. Nakujua. Vita vya mwaka elfu mbili na tatu uligeuza uso, vya elfu mbili na kumi na nane ukageuza tena, na mimi nimeandika yote moyoni. Redio ikitaja Ituri, mkono wako unatafuta muziki. Ukipita kando ya kambi ya wakimbizi, hapa hapa Bunia, unamwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo, eti vumbi. Na siku ukisimama, swali lako la kwanza ni hili: hao ni kabila gani? Sitakuambia. Nitakuambia habari za mwalimu Scholastique na mtoto mmoja, Elodie, mwenye miaka tisa. Mara hii utasikiliza mpaka mwisho.

Scholastique hakuwa na kitabu hata kimoja. Shule yake ilikuwa shitingi nne, maturubai ya plastiki, zilizofungwa juu ya miti, na chini yake watoto sitini na wawili. Kwa hiyo alifundisha kwa mchezo. Anachora S kubwa kwenye udongo, mtoto anaifuata kwa mguu mmoja, akianguka wanamcheka, anaanza tena. S yake ilikuwa na mkia uliojikunja kama wa kinyonga, na watoto wote waliiandika vivyo hivyo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuwinda maneno. Kila mtoto anapewa kipande cha katoni na kipande cha makaa, anakwenda kutafuta neno lililoandikwa popote kambini, analinakili, anarudi kulisoma. Wenzake wanabahatisha limetoka wapi. Wakishindwa, mwindaji anakuwa prezida, anakalia bidoni ya mwalimu, dumu la maji lililokuwa kiti chake, mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Shida ni kwamba maneno ya kambi ni machache.

"Ma-fu-ta," mmoja anasoma.

"Ku bidoni ya mafuta!" wote wanapiga kelele. "Toka! Ikala chini!"

Elodie hakuwahi kuwa prezida, lakini hakuna aliyetaka kujua kusoma kama yeye. Kaka yake Stéphane, waliyekimbia naye kutoka kijijini kwao Fataki, alikuwa Tchomia, kando ya ziwa, akivua samaki. Ndivyo mama yake alivyomwambia.

"Siku utaandika barua muzima weye mwenyewe," Scholastique alimwahidi, "nitawapa wamama wenye kuuzisha samaki, wamupelekee." Tangu siku ile mtoto alimeza herufi kama bugali.

Sasa sikiliza. Hakukuwa na Stéphane yeyote Tchomia. Mwaka uliopita, chakula cha kambi kilipochelewa wiki tatu, kijana alirudi Fataki kung'oa mihogo katika shamba la baba yake, Baudouin. Watu walimrudisha maiti, amefungwa kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki. Elodie siku zile alikuwa amelazwa na malaria. Alipotoka, matanga yalikuwa yamekwisha, na mama yake alikuwa amezunguka kibanda kwa kibanda akiomba: "Musimwambie, atanifia na yeye. Na muendelee kuniita Mama Stéphane, vile vile."

Watu wakakubali. Nani angemkatalia? Scholastique alikubali wa kwanza, kwa sababu jina lililo juu ya msalaba wa kaburi la kijana ni yeye aliyeliandika. Kambini hakuna mwenye mwandiko kama wake. Mtu akifa wanamwita, naye anakuja na rangi ya buluu iliyobaki siku shirika la misaada lilipoandika jina lake kwenye milango ya vyoo. Rangi ya vyoo ilipatikana, unaona.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi Elodie alichelewa kurudi. Alitokea wenzake wote wamekwisha kusoma, magoti yamejaa matope, katoni ameikumbatia kifuani.

"Soma, mama," Scholastique alimwambia.

"Sté-pha-ne. Mwa-na wa Bau-dou-in."

Fabien, mmoja wa wenzake, aliruka juu. "Muongo! Iko jina ya kaka yake hiyo! Ameitoa mu kichwa!"

"Siko muongo. Niliiona."

"Basi iko wapi? Ku choo?"

"Ku mulango ya shefu!" mwingine alidakia.

Elodie alitikisa kichwa kila mara. Hawakupatia. Nyuma ya mfereji, kule kwenye misalaba, hakuna mtoto aliyecheza. Ndiyo maana yeye alikwenda, apate neno ambalo hakuna atakayelijua.

"Haya, umetushinda," Fabien alisema kwa kinyongo. "Ikala ku bidoni, prezida."

Elodie hakukaa. Alikuwa akimtazama mwalimu.

"Mwalimu, ile S iko na mukia. Iko yako."

Scholastique alipiga magoti akanyoosha mikono. Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Na barua yangu," aliuliza, "ingeenda wapi?"

Siku kumi mahali pa Elodie shuleni palikuwa wazi. Mama Stéphane alipita mara moja na maji kichwani, akasimama.

"Mwalimu, ulimufundisha muzuri," alisema, bila hasira. Heri angemtukana.

Siku ya kumi na moja Scholastique alikwenda kibandani. Elodie alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua macho.

"Nilikudanganya, mwanangu. Hamu ya barua ile ndiyo ilikuwa inakusomesha. Niliogopa utaacha."

Mtoto alitupa kijiwe nje. "Kule misalaba iko mingi. Nilisoma yote. Ingine mvua imefuta, sijue iko ya nani."

"Ijumaa tutawinda tena. Utakuya?"

"Kuwinda nini, Mwalimu? Mafuta, choo, misalaba. Maneno ya hapa nimemaliza." Hapo ndipo alipoinua macho. "Iko ingine?"

Scholastique hakuwa nayo. Alikaa chini kando yake, wakachambua maharagwe pamoja mpaka yakaisha.

Wewe unayo. Umefika hapa kwa kusoma, usinidanganye. Nyumbani kwako kuna kitabu kinacholiwa na mende. Ofisini kwako kuna katoni za vitabu zinazongoja mkubwa aje kupigwa picha nazo. Chukua kimoja. Panda pikipiki kabla mvua haijaanza, shuka kambini, uliza shule ya shitingi nne. Mkabidhi Elodie mkononi, ukae chini, asome mbele yako. Usiniambie kesho. Simama. Toka sasa.