Kopo Mbele ya Hakimu

Wateja walimwita mumewe Bosi, na yeye wakamwita Fundi. Bosi alikaa mlangoni na funguo, simu na shati lililonyooka. Fundi alikaa ndani, kwenye vyerehani vinne vizito vya kushonea vitambaa vya makochi, mdomo umejaa pini. Kwa miaka kumi na minne mpango huo haukumuudhi mtu. Mteja akisifia kochi lake, Bosi ndiye aliyeitikia asante.

Jumatatu moja, wiki tatu baada ya kufungua kesi ya talaka, Fundi alifungua karakana akakuta sakafu tupu. Palipokuwa na vyerehani palibaki alama nne katikati ya vumbi na vipande vya uzi. Akainama, akaigusa mojawapo kwa kidole. Kisha akampigia Bosi simu.

"Vile ni vya kaka yangu," Bosi alisema, ametulia kama mtu aliyekwisha kunywa chai. "Alituazima tu, sasa kaja kuchukua vyake. Si unataka talaka? Haya, ichukue."

Uongo mtupu. Viwili walivinunua baada ya Fundi kushona viti vya ukumbi mzima wa shule, mimba ya mtoto wa pili ikiwa ya miezi minane. Na hivyo vinne ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha. Vikiuzwa sasa, kesi ingekuja kuisha mwakani, Fundi ashinde, agawiwe nusu ya vumbi lile la sakafuni.

Shangazi yake, aliyempokea yeye na watoto wake wawili tangu alipoondoka kwa mumewe, alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni.

"Nipeleke kwa huyo shemeji yako. Leo atanitambua!"

"Shangazi, ukimpiga utafungwa wewe, na vyerehani vitauzwa vilevile. Twende kwa wakili."

Wakili alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. "Talaka itachukua muda wake," alisema, "lakini hatukai kungoja. Tunaomba amri ya muda: kisiuzwe kitu, kisihamishwe kitu, mpaka kesi iishe. Na tunaomba matunzo yako na ya watoto kwa kipindi hichohicho. Ila yeye ataapa kwamba si vyenu. Una risiti?"

"Zote anazo yeye kabatini."

"Sasa una nini, dada?"

Fundi alifikiri kidogo. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nina kopo."

Alhamisi wakaitwa. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa uvivu, mabenchi yameng'arishwa na makalio ya watu wenye shida. Bosi alikuja na suti. Kaka yake alikaa nyuma yake, akijifuta jasho ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Bosi alipanda kizimbani akaapa. Vyerehani ni vya kaka yake. Karakana imekufa, yeye hana kipato, matunzo atayatoa wapi? Na mkewe, kwa heshima zote, alikuwa akimsaidia tu pale, kazi ndogondogo.

Kazi ndogondogo! Shangazi aliguna mpaka karani akamkazia macho. Fundi aliinamisha kichwa, maana hilo lilimchoma kuliko kuibiwa.

"Na huyo kaka yako anavifanyia nini?" hakimu aliuliza. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Anashonea mapazia, mheshimiwa. Jana nimemkuta anashona. Vinakwenda vizuri kabisa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bosi iliishia hapo. Wakili alisimama, akaomba ruhusa, akaweka mezani kwa hakimu kopo la mafuta ya kujipaka, la bati, lililochubuka rangi. Akalifungua. Ndani, juu ya kitambaa chenye mafuta, vililala vikombe vinne vya chuma, kila kimoja kidogo cha kuenea kiganjani.

"Hivi ni nini?" hakimu alimuuliza Bosi.

Bosi alivitazama. "Ni... vipuri vya zamani, mheshimiwa. Takataka za karakana."

Hakimu akamgeukia Fundi. Fundi akasimama, na sauti yake haikutetemeka.

"Mheshimiwa, hivyo ndivyo vinavyoshika bobini, uzi wa chini. Kikitoka hicho, cherehani kinatoboa kitambaa tu, hakifungi hata mshono mmoja. Aliyenifundisha kazi alinionya: ukiacha kikombe kwenye cherehani, kila anayepita atakichezea. Kwa hiyo kila jioni navitoa, navisafisha, naondoka navyo kwenye mkoba. Jumamosi niliondoka navyo. Sasa sijui shemeji anayashona vipi hayo mapazia. Labda kwa gundi."

Watu walicheka, na hakimu hakuwakataza upesi sana. Alimwita yule kaka mtu mbele, akamwapisha.

"Bwana, unaposhona, uzi wa chini unauweka wapi?"

Kaka mtu alitazama feni. Akamtazama mdogo wake. Akatazama tena feni, wala haikumsaidia.

"Mheshimiwa," akasema hatimaye, "mimi niliambiwa nimtunzie tu. Viko stoo, nimevifunika shuka."

Bosi alifumba macho. Wakili akalifunika kopo.

Amri ilitolewa siku ileile. Vyerehani virudi karakana kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa gharama ya Bosi. Asiuze, asiweke rehani, asihamishe chochote, nyumba pia, hadi kesi iamuliwe. Fundi aendeshe karakana na ashike funguo zake. Matunzo yatoke kila mwezi kwenye kodi ya vyumba viwili vya kupangisha, ambayo Bosi alisahau kuitaja alipokuwa akilia ufukara. "Hii ni ya muda tu," hakimu alionya. "Nani mwenye nini, bado sijasema."

"Inatosha kuanzia, mheshimiwa," Fundi alijibu.

Ijumaa saa tano gari dogo la mizigo lilisimama mlangoni. Ndugu wale wawili walishusha vyerehani wenyewe, suti haipo, migongo inalia. Fundi aliwaonyesha kila kimoja kinapokaa, pale kwenye alama yake. Kisha akafungua kopo, akapiga magoti, akaanza kurudisha vikombe, kimoja kimoja, mpaka kilie *tik*.

Bosi alibaki mlangoni, mahali pake pa siku zote, lakini bila funguo.

"Ulikuwa unaondoka navyo kila siku?"

"Kila siku."

"Miaka yote hiyo? Mbona sikuwahi kuona?"

Fundi alinyanyua uso. Alikuwa na majibu mengi, mengine aliyaandaa usiku kucha, lakini aliona kwamba mwanamume huyu hadanganyi. Kwa mara moja tu wiki nzima, alikuwa anasema kweli.

Akakaa kwenye kigoda chake, akavuta kitambaa cha kochi kilichokuwa kimengojea tangu Jumamosi, akaweka mguu kwenye kikanyagio.

"Sogea kidogo, baba watoto," akasema. "Unanizibia mwanga."