Mahali Palipokuwa na Mlango

Jina lake halikusomwa. Mwantum aliomba orodha isomwe tena, akaambiwa orodha haibadiliki kwa kusomwa mara mbili, na nyuma yake watu wakaanza kuguna. Ilikuwa Jumatatu, mara yake ya tatu kupanga foleni ya msaada kwenye uwanja wa shule pale Kibiti, na kwa mara ya tatu alikuwa anarudi na kiroba chake kikiwa kimekunjwa kwapani vilevile alivyokuja nacho.

Yule dada wa orodha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, kama walivyochoka wote, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita majina tangu asubuhi. Alimwonea huruma, akafungua daftari jingine, lile nene la watu wote waliotembelewa, akapitisha kidole.

"Mwantum Yassin, kitongoji cha Mikandaani?"

"Ndiye miye."

"Umo humu, bibi. Ila hukuwekwa kwenye waathirika. Wameandika: kiwanja kitupu, hakuna nyumba."

"Hakuna nyumba kwa sababu imeanguka, mwanangu!"

"Iliyoanguka huandikwa imeanguka. Yako imeandikwa haikuwepo."

Mwantum alisimama akimtazama, na kilichomjia kichwani ni ile nyumba yenyewe.

Ilikuwepo. Aliijenga marehemu mumewe, Sadallah, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa mwisho: vyumba viwili na ukumbi, boriti za mikoko zilizonyooka, udongo umekandikwa ukalainika, makuti juu. Mapema mwezi wa tano dhoruba ilipiga delta yote kutwa nzima. Makuti yalikwenda asubuhi, kuta zikalowa mchana, na alasiri nyumba ikalala ubavu bila hata kelele. Yeye na wenzake walikuwa wamejificha msikitini. Walipotoka, mpunga aliokuwa amebakiza wiki tatu auvune ulikuwa chini ya maji ya chumvi.

Kosa lake alilifanya siku ya nne. Kule Mikandaani nyumba ikianguka haiachwi imelala. Boriti zinang'olewa, zinasuuzwa tope, zinapangwa mahali pa juu, maana bamvua likiingia, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, linaondoka nazo zote. Na siku hizi kukata nyingine mpaka kibali, na kibali nacho kina safari zake. Zaidi ya hapo kuna haya. Kuiacha nyumba yako imelala hadharani, kitanda kinaonekana na kila apitaye, ni kama kuanika nguo za ndani njiani. Mwantum alikuwa mwanamke wa haya na wa ufagio. Alifanya kazi siku tatu peke yake. Aling'oa boriti, akafunga fito mafungu mafungu, akazoa udongo, akafukia mashimo mbuzi wasije wakavunjika miguu, kisha akafagia. Alipomaliza, ungeweza kuanika mpunga pale bila mkeka. Ndipo akapanda boti kwenda Kibiti kwa wifi yake.

Wiki iliyofuata watu wa tathmini wakafika. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa upande wa pili wa kisiwa na kundi jingine. Waliona uwanja uliofagiwa na boriti zimepangwa vizuri kwa urefu, wakadhani ni mtu anajiandaa kujenga. Wakaandika walichokiona.

Jirani yake Sihaba, ambaye hata kabla ya dhoruba ilikuwa haijulikani nyumba yake imesimama au imeegemea kitu, hakugusa hata ukuti. Sufuria lilikaa juu ya godoro, mlango juu ya sufuria, naye akakaa pembeni akitafuna muhogo na kusubiri serikali. Alipigwa picha sita. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha. Mwantum alipolisikia likisomwa alimchukia Sihaba kwa moyo wake wote, na hakuona aibu kumchukia.

"Kuna nafasi moja," yule dada alimwambia, akishusha sauti. "Alhamisi afisa wetu mmoja, Nurdini, anakwenda huko kuangalia malalamiko. Ukae kwenye kiwanja chako, umwoneshe. Akirudi, daftari linafungwa."

"Na nisipokuwepo?"

"Basi, bibi. Hakuna unga, hakuna bati, na ile fedha ya kujikimu haitakuja kwenye simu yako."

Wifi yake, Hadija, alikuwa anakaa nyuma ya soko, nyumba ya vyumba vinne na watu tisa. Mwantum alipofika mlangoni alisimama, akasema hodi. Siku zote alisema hodi pale, hata akiwa ametoka bombani tu na ndoo kichwani, na siku zote alisubiri aitikiwe. Si kwamba kuna aliyemlazimisha. Mgeni anajijua.

"Umepata?" Hadija aliuliza, kisha akakiona kiroba kimekunjwa vilevile. Akasema, "Wifi yangu, usije ukanifikiria vibaya. Kile chumba unacholala nimekwishampa mpangaji. Tarehe moja anahamia. Ningekuwa na namna..."

"Najua, wifi. Umeshanisitiri sana."

"Njoo basi ule."

"Nimefunga."

Kila Jumatatu na Alhamisi Mwantum alisema amefunga sunna. Hadija alijua, na Mwantum alijua kwamba Hadija anajua, maana mwezi ule zile funga zilikuwa zimeingia mpaka Jumanne na Jumamosi. Wali wa watu tisa ukiugawa kumi, kila mtu anaona. Jumanne jioni Hadija alimpa nauli bila kuombwa, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemnyima.

Jumatano alipanda gari mpaka Nyamisati, akasubiri maji yajae, akapata nafasi kwenye boti iliyobeba saruji. Alifika Mikandaani nguo zimelowa na kiuno kinauma. Kitongoji kilikuwa kimejaa maturubai ya bluu. Hakuwa na pa kulala. Alikuwa bado anasita pale kandokando ya njia Sihaba alipomwona.

"Mwantum! Weye unasimama njiani kwani una deni?" Akamnyang'anya mkoba, akamwingiza chini ya turubai lake, na Mwantum akaona kwamba hata humo ndani Sihaba alikuwa ameshavuruga kila kitu. Alipewa kanga ya kujifunika na nusu ya mkeka. Hasira yake aliitafuta, akakuta amechoka mno hata kukasirika.

Alhamisi mchana Nurdini alifika na mwenyekiti, Mzee Abdulhalim. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, gambuti zimejaa tope mpaka magotini, kishikwambi amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amekwisha kutembelea watu kumi na mmoja, na nahodha wa boti alikuwa anapiga mluzi kule ufukweni, maana maji yalikuwa yanatoka na boti ikikwama ndiyo mpaka kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Akaingia moja kwa moja hadi katikati ya uwanja, akazunguka macho. "Sasa mama, hapa nione nini?"

"Nyumba yangu."

"Iko wapi?"

"Boriti hizo hapo. Zihesabu."

"Boriti kila mtu anazo, mama. Mashimo ya nguzo je?"

"Nimeyafukia."

"Udongo wa kuta?"

"Nimeuzoa."

"Picha ya zamani, hata kwenye simu?"

"Simu nilinunua mwaka jana. Nilikuwa nipige picha nyumba, kwa nini? Nilikuwa ninaiona kila siku."

Mzee Abdulhalim akasema yeye ni shahidi, nyumba anaifahamu, alikula hitima ya Sadallah humo humo. Nurdini akatikisa kichwa kwa adabu. Leo ameletewa mashahidi kumi na mmoja, alisema, na wote ni ndugu wa mlalamikaji. Hata mwenyekiti mwenyewe, si ni binamu yake mama? Mzee Abdulhalim akakiri kwamba ni kweli.

Mwantum alikuwa amejiandaa kubishana, maneno ameyapanga tangu Nyamisati, lakini sasa aliyaacha. Alitaka kukaa tu. Akaenda zake hadi upande wa mashariki wa uwanja, akavua kandambili, akaziweka pamoja pembeni, akapiga hatua mbili na kukaa chini, miguu ameikunjia upande, mgongo ameuweka kama mtu aliyeegemea ukuta.

"Mama, sijamaliza," Nurdini alisema.

"Niache nipumzike, mwanangu. Nimechoka. Andika unachokiona."

Wakati huo Sihaba alikuwa anakuja kutoka kwenye turubai lake na bakuli la uji, mkono mwingine ameushikia ushungi. Njia fupi ilikuwa kukata katikati ya uwanja. Hakukuwa na kitu hata kijiti cha kumzuia. Hakukata. Alifuata ukingo wa uwanja, akageuka pale palipokuwa na pembe ya nyumba, akapita nyuma ya mahali pa ukumbi, akazunguka mpaka upande wa mashariki. Hapo akavua ndala zake, akaziweka kando ya zile za Mwantum.

"Hodi," akasema.

"Pita, Sihaba."

Akainamisha kichwa kidogo, maana ule mlango Sadallah aliujenga mfupi na Sihaba ni mrefu, miaka ishirini alikuwa akigonga paji la uso pale. Akaingia, akampa uji. "Kunywa ungali wa moto. Na usiniambie umefunga, asubuhi nimekuona unatafuna kiazi." Kisha akamgeukia Nurdini, akamtazama gambuti zake. "Nawe, baba, una nini? Umesimama juu ya kitanda cha watu na matope yako."

Hakuna aliyecheka. Nurdini alitazama chini ya miguu yake, kisha zile jozi mbili za kandambili, kisha njia aliyopita Sihaba, akaifuata kwa macho pembe kwa pembe mpaka mwisho. Nahodha alipiga mluzi tena. Hakugeuka.

"Mama," aliuliza polepole, "hapa nilipo ni wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Nimeingilia wapi?"

"Umepita ukutani," Mwantum alisema. "Haidhuru. Hukujua."

Nurdini akarudi kwa hatua zilezile alizoingilia, akatoka uwanjani. Akazunguka ukingoni kama alivyozunguka Sihaba, akapita nyuma ya ukumbi, akafika upande wa mashariki. Gambuti zilikuwa zimemnasa kwa tope. Aliinama akazivuta moja moja, akihangaika, na Mzee Abdulhalim akamshika bega asianguke. Akabaki na soksi zimelowa, moja ina tundu.

"Hodi," akasema.

Mwantum alishika bakuli la uji kwa mikono miwili. Kwa wiki saba yeye ndiye alikuwa mpiga hodi: mlangoni kwa wifi, mezani kwa wenye orodha, kwenye boti, kwenye turubai la mwenzake, akisimama na kusubiri wamwitikie. Hakuwa amefikiri kwamba kitu hicho kilikuwa kinamuuma kuliko njaa. Akaliweka bakuli chini taratibu, na yule kijana akasubiri palepale nje, hakusogea.

"Karibu," alisema mwishowe, akilia waziwazi. "Karibu ndani, mwanangu."

Nurdini akainamisha kichwa, akaingia. Akakaa chini mbele yake, akafungua ule mfuko wa nailoni, akauliza nyumba ilikuwa na vyumba vingapi.