Utumbo wa Panya Mwenye Njaa

Soko la nyama la Burma lote lilijua kwamba hakuna aliyeosha matumbo kama mwanamke aitwaye Wangu, mama yake Njoki. Aliweza kuugeuza utumbo wa mbuzi ndani nje huku akipiga soga na wateja, wala asiutoboe.

Ndiyo maana Nahashon, jirani yake wa Makongeni aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti, alimjia asubuhi moja mwaka wa themanini na nne. Daktari aliyemwajiri alitaka kujua seli za utumbo mwembamba zinazotoa majimaji hufanya nini chakula kinapoingia. Panya weupe walikuwapo, lakini utumbo wa panya ni mwembamba kama kamba ya kiatu, na kila Nahashon alipojaribu kuuosha uliraruka. Wangu alicheka, kisha akaona jirani hatanii.

Akaenda. Panya wote walikuwa wamenyimwa chakula tangu jana yake, ila nusu yao walilishwa saa mbili kabla ya kuuawa. Wangu alisukuma maji ya chumvi taratibu ndani ya kila utumbo, akamkabidhi Nahashon vipande, kila kimoja katika chupa yake. Hakuna kilichoraruka.

Wiki iliyofuata Nahashon alirudi sokoni uso umemshuka. Alisema lazima walichanganya chupa, kwa maana seli za panya wenye njaa zilikuwa zimejaa, na za walioshiba zilikuwa karibu tupu, kinyume cha alivyotarajia.

Wangu aliweka karai chini. "Hatukuchanganya. Utumbo wenye njaa hulegea mkononi kama soksi isiyo na mguu. Niliushika mwenyewe."

"Mama Njoki, daktari hatakubali neno la vidole."

"Basi turudie. Usiniambie yupi amekula."

Wakarudia. Nahashon alificha orodha mfukoni. Wangu alishika utumbo mmoja baada ya mwingine akitaja, huyu amekula, huyu hajala. Orodha ilipotolewa, hakuwa amekosea hata mmoja. Na vipande vilipokatwa vyembamba na kutiwa rangi, vilisema yale yale ya mwanzo.

Siku hiyo Nahashon alimvutia kiti mbele ya hadubini. Mwanzoni Wangu aliona kope zake tu. Kisha mwanga ukatulia, na utumbo aliodhani anaujua ukageuka msitu wa vidole vilivyosimama wima, na kati ya vidole, visima vyembamba. Chini kabisa ya kila kisima zilikaa seli chache, zimesheheni punje nyekundu kama ghala baada ya mavuno.

"Huyu ndiye mwenye njaa?" aliuliza, sauti yake imeshuka kama ya mtu aliye kanisani.

"Ndiye."

Nahashon akabadilisha kioo. Visima vilikuwa vile vile, seli zile zile, lakini sasa zilikuwa zimepauka, punje zimebaki chache, na wekundu hafifu ulionekana juu zaidi kisimani. Alimweleza kwamba seli hizo huendelea kutengeneza mali yake hata mwenye tumbo anapokosa tonge, huishikilia, na chakula kikifika huimwaga. Baadaye huanza kujijaza upya.

"Nani huziambia kwamba chakula kimefika?"

Nahashon alikiri kwamba hilo bado halijajulikana sawasawa.

Wangu hakuondoka kitini. Alikumbuka miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya kupigania uhuru, alipokuwa msichana katika kijiji kilichozungushiwa handaki, akilala njaa na kuamini kwamba tumboni mwake mna shimo tu. Kumbe humo ndani kazi ilikuwa ikiendelea bila yeye kuiomba.

Jioni alipita sokoni kwa Fadumo, aliyeuza nyama kibanda cha pili kutoka chake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na jua lilikuwa linazama. Fadumo alichukua tende, akaitafuna, akanywa maji. Wangu alimtazama bila kupepesa.

"Mbona waniangalia hivyo, Mama Njoki?"

Wangu akajaribu kumweleza, akichora visima hewani kwa kidole. Fadumo alisikiliza hadi mwisho, akasema polepole, "Subhanallah." Kisha akamsogezea sahani.

Wangu alichukua tende moja. Aliimeza, akaweka mkono juu ya tumbo, kama mama anayesubiri mtoto acheze.