Bango la Tuta la Ahero

Asubuhi hiyo Naswa alikuwa akipangusa vichwa vya mtambo wake wa kuchapa mabango mjini Kisumu, redio ikisoma matangazo ya vifo, Bwana Oluoch wa kamati ya mradi alipoingia na picha ya tuta jipya la kuzuia mafuriko Ahero. Alitaka bango kubwa la uzinduzi, tena kwa karatasi isiyopakwa chochote. Ile ya kung'aa, alisema, humrudishia mgeni wa heshima mwanga usoni.

"Karatasi tupu inakunywa huu wino wa eko-solventi, ni wa kuchapia plastiki," Naswa alimwambia. "Lakini kwangu itatoka."

Ikatoka. Alipunguza wino, akaongeza joto, akauendesha mtambo polepole, na tuta likaja safi mpaka nyasi zake zikahesabika. Kisumu nzima hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo, na yeye alilijua hilo vizuri.

Chai haijapoa, wino ukazama na mto uliokuwa nyuma ya tuta pichani ukapenya. Ulipitia upande wa kushoto wa tuta, ukateremka mezani, ukafunika sakafu. Samaki mmoja, kamongo, alitoka na maji, akajilaza chini ya mtambo. Naswa alichomoa nyaya za umeme, akachukua mopu.

"Hapa kushoto hamkujenga?"

"Ni kipande kidogo tu, Mama. Bajeti iliisha. Wewe nirudishie maji nyuma."

"Binti yangu Sheryl ameolewa hapo hapo kwa hicho kipande."

"Basi si atakuja uzinduzi?"

Naswa alipandwa na hasira, akachapa upya. Tuta lilitoka safi kuliko la kwanza, na maji yakapita palepale. Oluoch alikunja suruali, akabeba bango.

Siku ya uzinduzi lilitundikwa nyuma ya jukwaa. Sala ya kufungua ilipokwisha, maji yalikuwa magotini. Wanakwaya walipandisha sketi, mgeni wa heshima akaletewa gambuti. Alikata utepe, akatangaza kwamba Ahero haitafurika tena, watu wakapiga makofi. Kisha akauliza nani amechapa bango zuri namna ile.

Naswa alisimama, akapunga mkono, akashangiliwa. Alipoketi alimwinamia binti yake sikioni.

"Sheryl, twende tukainue magodoro."

"Nilishainua, Mama," alisema Sheryl, bado akipiga makofi. "Tangu siku walianza kujenga."